Kichuguu Hakina Timu

Furaha, Bosco, zile reki mbili za mpini wa mti ni za kichuguu peke yake. Mkikwangulia majani nitajua, hata nikiwa nimekaa kwangu Fordsburg na chai mkononi. Naanza na hilo kwa sababu siku ya kuniaga kazini mlinisukuma mbele niseme neno, nikaona sambusa zinapoa, nikasema asante nikakaa. Maneno yenyewe nayaandika sasa. Shule yangu iliishia darasa la nne, Buyenzi, Bujumbura. Mkikuta mstari umepinda unyoosheni wenyewe. Si mmeajiriwa kunyoosha mistari?

Mimi sikuja uwanjani kuomba kazi. Nilikuja nikikimbia. Ule mwaka wa vurugu, walipotutoa sisi wageni Alexandra, hapa Johannesburg, kwa marungu na moto, baadhi yetu tulihifadhiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya uwanja huu. Aisha, mjukuu wangu niliyeachiwa na mama yake, alikuwa mdogo, hajaanza shule, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki Alex. Asubuhi ya kwanza nikatoka nje kuvuta hewa. Nikaona uwanja mpana, majani mabichi, na katikati tuta la udongo mwekundu, la mviringo, limesawazishwa vizuri mno. Pembeni yake mzee kapiga magoti, analipapasa kwa kiganja. Nikajua moja kwa moja: kaburi. Tena aliyezikwa alikuwa mtu mkubwa, maana wamempa uwanja mzima. Nikasogea, nikainua mikono, nikamsomea marehemu Fatiha.

Mzee alinisubiri nimalize. "Unamwombea nani, mama?"

"Aliyelala hapo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akafuta macho kwa kofia yake, akasema, "Endelea tu kuomba. Wengi wamefia hapa, ila wote hurudi kwao kwa miguu yao."

Huyo ndiye Ntate Molefe, yaani Mzee Molefe kwa Kisotho chake, mtunza uwanja, mwalimu wangu. Kabla ya jua la mchana alikuwa ameshanipa ufagio. Wenzangu walipopata mahali pa kwenda wakaondoka. Mimi nilibaki na ufagio.

Besiboli sikuijua. Buyenzi tulikuwa na mpira wa miguu, basi. Ntate alinifundisha udongo kwanza, mchezo baadaye, na nyinyi mfanye hivyo hivyo kwa watakaowafuata. Lile tuta ndipo anaposimama mrushaji. Anatupa mpira kwa mpigaji mwenye gongo, na anapotupa mguu wake mmoja unashuka kwa nguvu mbele yake, palepale kila mara, mpaka panachimbika shimo. Udongo ukiwa laini, goti linakwenda huku na mtu anakwenda kule. Ukiwa mgumu kama saruji, kisigino kinateleza. Unatakiwa ushike halafu uachie. Ni kama mama mzuri, Ntate alisema. Wake alikuwa mkali.

Udongo wenyewe hatununui. Wakubwa waliwahi kuleta magunia ya udongo wa Amerika. Ulikuwa mzuri, ukaisha, haukuja tena. Ntate alitumia udongo wa vichuguu kutoka mashambani, ule wa mchwa, kama ambao bibi yangu alisakafia nyumba yake. Siku aliponiwekea bonge la kwanza mkononi nilinusa kwetu. Chukueni kichuguu kilichokufa, msiguse chenye mchwa wake ndani, si adabu. Pondeni, chekecheni, nyunyizeni maji kidogo. Finyanga kidonge kiganjani: kikivunjika vipande viwili safi, ni tayari. Kikibaki na alama za vidole vyako ni uji, subiri. Kikimwagika ni vumbi, na wewe ni mvivu. Kwa hiyo lile tuta mimi nililiita kichuguu, na Kiswahili hiki kikaingia mpaka kwa makocha. Kocha Dumisani, Mzulu wa watu, leo anasema "kichuguu" bila kujua kuwa ni neno la wageni.

Mchezo nao ukaniingia taratibu: mpigaji akiupiga mpira anakimbia vituo vitatu, na akirudi nyumbani, pale alipopigia, ni pointi. Mwanzoni niliona wanaume wazima wanaruka mstari wangu wa chokaa wasiukanyage, kama nyoka kalala pale. Nikadhani wananiheshimu. Kumbe ni miiko yao: ukikanyaga chokaa, bahati inaondoka. Niliumia kidogo. Lakini kitu kilichonishika moyo mpaka leo ni hiki: besiboli haina saa. Kwenye mpira wa miguu ukiongoza unaweza kujiangusha, unalala, unashika kifundo cha mguu unalia, dakika zinakwenda. Hapa huwezi. Ukiongoza ni lazima umrushie mwenzako mpira, tena pale anapoufikia, umpe nafasi yake mpaka ile ya mwisho kabisa. Humshindi mtu kwa kumchelewesha. Nilipolielewa hilo nilikuwa nafagia chini ya viti, nikasimama na ufagio kama mtu aliyeitwa jina.

Halafu kuna mtoano. Hapo ndipo watu wanapotea, basi nitawaeleza kama Ntate alivyonieleza mimi, kwa vikombe vya chai. Alipanga vikombe vinane mezani: hizo ndizo timu za ligi yetu ya kulipwa. Kiangazi kizima zinapigana, kila moja na kila moja. Mwisho akaviondoa vinne akaviweka kwenye karai. "Hawa wameenda kuoshwa." Vikabaki vinne. Wa kwanza anakutana na wa nne, wa pili na wa tatu. Hawachezi mara moja tu. Wa kwanza kushinda mbili ndiye anayepita, maana mara moja hata mlevi anaweza kubahatisha. Wawili waliobaki ndio wanaocheza fainali, na hapo mpaka mmoja ashinde tatu. "Na kule Amerika?" nikamuuliza, kwa sababu alikuwa anaangalia michezo yao kwenye simu kila alfajiri inapofika Oktoba. Akasema ni mti uleule, ila una matawi mengi, na fainali yao inataka ushinde nne. Huko nako kuna milango ya nyuma kwa waliokosa uongozi wa kundi lao, na aliyeingia kwa mlango wa nyuma ameshawahi kutoka na kombe.

Nilikiangalia kile kikombe cha nne, chenye mpini uliovunjika. "Kwa hiyo huyu aliyebebwa na upepo anaweza kumtoa mkubwa wao?"

"Akifika mezani," Ntate alisema, "hakuna anayemuuliza alipitia mlango gani."

Nyinyi mnajua mimi nilipitia mlango gani. Tangu siku hiyo mtoano ukawa mchezo wangu.

Neno moja la Ntate sikulielewa mpaka alipokuwa ameshatutoka. Watunza uwanja wote duniani wana ujanja wa kupendelea wenyeji. Wageni wakiwa na mbio unamwagia maji njia zao za kukimbilia. Wapigaji wako wakiwa dhaifu unaacha majani marefu. Hayo Ntate aliyafanya, nami nikafanya, na nyinyi mtayafanya, msijifanye malaika. Lakini tuta hakuligusa kwa hila hata siku moja. "Kichuguu hakina timu," alisema. "Wao wanasimama hapo, sisi tunasimama hapohapo. Ukimchimbia mwenzako, zamu inayofuata ni ya mwanao."

Aisha alikulia kwenye vumbi hilo. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anajibu Kizulu au Kiingereza, na mimi ananiita Gogo, bibi kwa Kizulu, kama watoto wengine wa hapa. Alipenda kukaa nyuma ya wavu, mahali mpigaji anaposimama, huku akitaja kila mpira: huu sawa, umepita anapoweza kuupiga, huu nje. Alikuwa binti mdogo, na mara nyingi aliwatangulia waamuzi. Nilimfundisha mimi kupima kichuguu kwa kisigino. Alipokua akavaa kinyago cha chuma na kifua cha kujikinga, akawa mwamuzi wa nyumbani, yule anayesimama nyuma ya mdakaji na kuamua kila mpira. Mara ya kwanza nilipomwona, nilikuwa nimesimama na toroli la udongo. Sikulia. Vumbi liliniingia.

Sasa niwaeleze siku yenyewe, maana Bosco hukuwepo, na wewe Furaha ulikuwa umelala juu ya turubai huoni kitu.

Nyuki, timu yetu ya hapa uwanjani, walikuwa hawajawahi kufika fainali. Hata siku moja, toka Ntate akiwa kijana. Msimu ule waliingia kwenye mtoano wakiwa kikombe cha nne, na wakapangiwa kikombe cha kwanza, watu wa Cape Town. Mchezo wa kwanza wakatupiga kule kwao. Wa pili tukawapiga hapa. Ukabaki wa tatu, Jumamosi, hapahapa. Aliyeshinda anakwenda fainali. Na kulikuwa na kanuni, ishikeni vizuri: mchezo ukishindwa kumalizika kabla ya giza, anapita yule aliyekuwa juu kwenye msimamo. Taa zetu zilikuwa zimekufa tangu nyaya zilipoibiwa. Kwa hiyo mvua ikituharibia siku, Cape Town wanakwenda fainali wakiwa wamekaa.

Mwamuzi wa nyumbani alikuwa Aisha. Cape Town walilalamika kwamba ni mjukuu wa mtunza uwanja. Ligi ikawaambia, basi leteni wa kwenu. Hawakuwa naye.

Zamu ya nne kati ya tisa, tukiwa mbele kwa pointi moja, mawingu yakatoka kusini, meusi kama sufuria ya harusi. Johannesburg mvua hainyeshi, inakuangukia. Aisha alisimamisha mchezo, radi ikapiga upande wa machimbo, nasi tukakimbilia turubai. Lile turubai ni zito, mnalijua, na kukiwa na upepo linataka watu wengi. Upepo ukalivaa kwa chini likainuka kama nyumba. Wachezaji wetu wakashika pembe tatu. Pembe ya nne, ya upande wa kichuguu, ikawa inapigapiga hewani, na mimi na Furaha tukaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mvua ya mawe ikaanza. Nilisikia mgongo wangu ukitwangwa.

Banda la wageni lilikuwa linacheka. Walikuwa wanakula. Mmoja akapiga kelele, "Acheni inyeshe! Mungu naye anatoka Cape Town!"

Ndipo nikaona mtu anatoka kwenye lile banda, kavaa kofia ngumu ya mpigaji, anakuja kwetu katikati ya mawe. Alikuwa Faried, mrushaji wao, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa anarusha. Akajitupa kifudifudi juu ya ile pembe, karibu na mimi, turubai likalala.

Wenzake wakamwita. "Faried! Umerogwa? Rudi ukae, tumeshapita!"

"Hatujapita!" aliwajibu bila kuinua kichwa. "Tumenyeshewa tu!"

Nilimtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. "Mwanangu," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuunga, "wewe si wa kwetu."

"Salaam, Mama. Najua." Jiwe likampiga kofia, ko! "Nimetolewa nusu fainali mpaka nimezoea. Leo nikipita kwa mvua, nitasema nilimrushia nani?"

Tulilala pale, mimi na adui yangu, tukalikandamiza turubai kwa matumbo, radi inapasua mbingu juu yetu. Nimeona mengi. Nimeona watu wakitoka na moto kuwachoma majirani zao. Sikuwahi kumwona mtu akilala kwenye mvua ya mawe ili asishinde bure.

Mvua ilikatika ghafla kama ilivyokuja. Tukafunua. Kichuguu kilikuwa kizima isipokuwa pale penye shimo la mguu, mahali pembe ilipoinuka kabla Faried hajaja. Hapo palikuwa bwawa. Na jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

Wachezaji wetu walichanganyikiwa. Mmoja anataka kumwaga petroli awashe moto pakauke. Nikamwambia aanze na nywele zake. Wengine, nikiwa bado nanyanyuka na magoti yangu haya, walishabeba magunia ya udongo mkavu na kumwaga juu ya tope. Kwa macho pakapendeza, pamekauka, pamesawazika. Kocha Dumisani akapiga makofi. "Tayari! Mwiteni mwamuzi!"

Aisha akaja, kinyago chini ya kwapa. Akaweka kisigino pale, akaegemea. Kisigino kikazama. Akasogea hatua moja, akaegemea tena. Kikazama tena.

"Bado, Gogo," akaniambia.

"Wewe!" Dumisani aliruka. "Huyu ni bibi yako!"

"Ndiyo maana nimekanyaga mara mbili," akasema, akarudi zake.

Eish. Watu jukwaani walimtukana. Wakanitukana na mimi, wengine wakatutaja kwa kule tulikotoka, kwa lile jina lao la kuwaitia wageni. Kwa nukta moja nilimkasirikia yule mtoto niliyemfuta makamasi. Halafu kifua kikanijaa kitu kingine. Kisigino kile nilikifundisha mimi. Kama angenipendelea, ningekuwa nimefundisha bure.

Basi andikeni hili: udongo mkavu juu ya tope ni uji wenye ngozi. Tulitoa wote. Nilipiga magoti nikachota tope kwa bakuli la jikoni mpaka nikafika kwenye udongo mgumu uliolia "tok" nilipougonga. Furaha alikamulia sifongo kwenye ndoo. Kisha udongo mkavu wa kichuguu, tabaka jembamba kama chapati, gunia juu yake ili usinate, ndipo tunashindilia. Tabaka jingine, gunia, tunashindilia. Msiruke gunia. Faried alishika kishindilio akapiga pamoja nasi, na Themba, mrushaji wetu mwenyewe, akashika kingine upande wa pili. Wanashindilia kwa zamu kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Lile banda la wageni lilikuwa limeacha kula, na mmoja wao akaja na taulo, kisha mwingine.

Aisha akarudi. Akaegemea kisigino. Kikaacha alama nyembamba, kama ya sarafu juu ya sabuni. Akazunguka akaegemea upande mwingine.

"Sharp," akasema, yaani iko safi, akavaa kinyago, akainua mkono. "Tunacheza!"

Niliangalia sehemu iliyobaki nikiwa nimesimama nyuma ya wavu, tope mpaka kwenye mtandio, sikukumbuka kukaa. Zamu ya nane Cape Town wakapata pointi mbili, wakawa mbele yetu kwa moja. Hakukuwa na ujanja, walipiga tu mpira ukaenda wasikokuwa watu. Tukafika zamu ya tisa, yetu, ya mwisho. Wachezaji wetu wawili wakatolewa; akitolewa mmoja tena, mchezo umekwisha. Wa tatu akapiga vizuri akafika kituo cha pili, na mpira uliofuata ukamtoroka mdakaji wao, mtu wetu akafika cha tatu. Hatua chache kutoka nyumbani! Akifika nyumbani tunasawazisha. Mpigaji wetu akashindana mpaka ukabaki mpira mmoja wa kuamua kila kitu: sawa mbili zimeshapita, ya tatu anatoka. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la jukwaa. Faried angeweza kutembeatembea, kufunga kamba za viatu, kungoja giza. Hakungoja. Akaegemea nyuma, akainua mguu, akaushusha palepale tulipopatengeneza, kwa nguvu zake zote.

Kichuguu kikamshika. Kikamwachia.

Mpira ulikuja juu, ukaangukia chini kwenye kona, kama kitu kilichokumbuka njia. Mpigaji wetu hakupiga. Mdakaji akaudaka akautuliza. Uwanja mzima ukamgeukia mjukuu wangu.

Mimi niliuona. Nilikuwa nyuma yake moja kwa moja, nilipokuwa nikimweka akiwa mdogo. Mdomo wangu ulitangulia, Mungu anisamehe, nikasema taratibu, "Sawa."

"Sawa!" Aisha akapiga kelele, mkono ukakata hewa. "Ametoka!"

Kwisha. Cape Town fainali, Nyuki nyumbani.

Chupa zilirushwa uwanjani, si nyingi. Aisha hakukimbia, alifuta sahani ya nyumbani, lile bamba la mpigaji, kwa brashi yake ndogo, akaondoka akiwa amenyoosha mgongo. Dumisani akanijia, macho mekundu. "Gogo, familia yako imetutoa mara mbili. Wewe umemjengea, mjukuu wako ametuhukumu."

"Ukimwona mama yake Aisha," nikamwambia, "mwambie na yeye afanye lake."

Alitaka kukasirika, akashindwa. Akakaa chini kwenye majani yaliyoloa, akaweka uso kwenye kofia. Nikamwacha. Mtu mzima aachiwe nafasi ya kulia.

Msiniulize kama Cape Town walichukua kombe. Waulizeni wanaopenda makombe. Nitawaambia nilichokiona nilipokwenda kuchukua reki zangu. Wenzake walikuwa wanaimba bandani, wanamwagiana maji. Faried alikuwa peke yake kwenye kichuguu, kachutama. Mrushaji hafanyi usafi. Anaacha shimo lake, sisi tunafukia, ndivyo ilivyokuwa toka enzi za Ntate. Huyu alikuwa anafukia la kwake. Anachota udongo kwa viganja, anajaza, anaushindilia kwa ngumi, anapapasa juu kwa kiganja mpaka ulingane. Kama Ntate asubuhi ile.

Nikasimama nikamngoja amalize. Kisha nikamwita Furaha, nikamwita na Aisha, ambaye alikuwa ameshavua kifua chake cha kujikinga. Tukalivuta turubai sote wanne, kila mtu pembe yake, maana kusini kulikuwa kumeanza kuwa kweusi tena.

"Bibi," Aisha akaniambia, kwa Kiswahili, "vuta kwako kidogo."

Nikavuta.